Waliosimama Nyuma ya Ukumbi

Kila Jumamosi asubuhi kituo cha mabasi cha Belgrade hujaa wanafunzi wenye macho mekundu, na wengi wao hawasafiri kwenda popote. Wanasubiri maboksi. Huko kusini mama zao wamepika tangu Alhamisi, wamefunga kwa kamba, wameandika jina kwa kalamu nene na kumkabidhi dereva. Mtoto anakuja, anampa dereva hela ya kahawa, anakumbatia chakula chake cha wiki nzima na kuondoka. Kwa kawaida mambo haya huisha mtu akifika mwaka wa nne. Desanka alikuwa mwaka wa kumi na moja.

Alikuwa hoi. Si ule uchovu wa kukosa usingizi, ambao mtu akilala unakwisha. Alikuwa amechoka kuwa wa kwanza. Wa kwanza kwao kuingia chuo kikuu, wa kwanza kubaki huko baada ya shahada ya kwanza, halafu ya pili, halafu hii ya tatu isiyokwisha, huku wasichana aliosoma nao kijijini wakizaa na kuezeka nyumba. Wenzake wa chuoni walipokwama walipiga simu nyumbani kuuliza. Tijana, rafiki yake wa maabara, baba profesa na mama profesa, alikuwa akiuliza huku anakula. Desanka akikwama alipiga simu nyumbani na kusema mambo ni mazuri.

Alisomea konokono. Wale wadogo kama punje ya mtama, wanaoishi kwenye chemchemi baridi za milimani na wasioonekana pengine popote. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji hayo masika na vuli mpaka viungo vikaanza kumuuma kama bibi kizee. Baba yake, Trajko, alilitungia jambo hilo mzaha mmoja na hakuuchoka: kwamba hao konokono wangekuwa wanatembea kwenda Belgrade, wangekuwa wameshafika, wamehitimu na kurudi. Mama yake, Stamena, hakutania. Kila Desanka aliposema kamati imeirudisha tasnifu arekebishe, mama alishusha pumzi upande wa pili wa simu. "Wamekurudisha tena, mwanangu?" Kwake yeye kitu kinachorudishwa ni mbuzi mwenye kasoro, na hakuna aliyewahi kumweleza vinginevyo.

Sasa hatimaye siku ilikuwa imepangwa. Jumatatu saa sita mchana Desanka angetetea tasnifu yake, na baada ya hapo, kama ilivyo desturi, angeandaa meza: kamati na wageni wangekula na kunywa kwa gharama ya mtahiniwa. Desturi hiyo haijaandikwa popote. Mwenye wazazi maprofesa anaijua tangu utotoni; asiye nao anaweza kuijua siku yenyewe, wakati ameshaumbuka. Desanka aliambiwa na Tijana. Alipomwambia mama yake, mama alisema neno moja tu, "Niachie," na ndiyo maana Jumamosi hii boksi lilikuwa kubwa kuliko yote.

"Daktari wa konokono!" Čeda alimwona kwa mbali. Dereva huyo alikuwa na tumbo lililokuwa likigusa usukani na sauti iliyokuwa ikigusa mabasi ya jirani. "Njoo uchukue mzigo wako, umenivunja kiuno. Mama yako ametia nini humu, au ni baba yako mzima?"

"Ni vyakula vya Jumatatu, Mjomba Čeda."

"Najua, najua. Kijiji kizima kinajua. Na wazazi wanapanda basi langu au la mwenzangu?"

"Hawaji," Desanka alisema, akijishughulisha na kamba. "Ni kamati peke yake. Mlango unafungwa."

Čeda alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kumwona akiyatafuta lilikuwa jambo la kutisha kidogo.

"Ndivyo mama yako alivyoniambia. Nikamwambia, we Stamena, acha masihara. Mtoto wa dada yangu alitetea mwaka juzi, ukumbi ulifurika. Mpaka jirani yetu kiziwi alikuwepo, na akapiga makofi kabla ya wote."

"Akasemaje?"

"Nani, kiziwi?"

"Mama."

"Akakaza kamba. Halafu akasema, huenda kwa konokono wanafunga."

Desanka alikaa juu ya boksi pale pale, katikati ya watu.

Mlango haukuwa ukifungwa. Aliusema uongo huo kwenye simu kwa sauti nyepesi kabisa, na mama akaupokea kwa sauti nyepesi vile vile. Mzizi wake ulikuwa siku ya shahada ya pili. Wazazi walikuja siku hiyo, baba kwenye suti yake ya harusi na misiba, mama kwenye sweta ya bluu, na Profesa Vukosava, msimamizi wa Desanka, alipomnyooshea mama mkono wa pongezi, mama aliinama akaubusu. Kama mtu anavyobusu mkono wa padri. Profesa alibaki ameduwaa. Mama yake Tijana, mwanamke mwema asiye na kinyongo na mtu, alimnong'oneza mumewe, "Wanapendeza jamani," na Desanka akasikia. Angetukana ingekuwa afadhali. Tangu hapo, kila alipofikiria wazazi wake ndani ya jengo lile, uso ulimwaka moto. Halafu ulimwaka mara ya pili kwa aibu ya ile aibu ya kwanza, na kazi ya kubeba zote mbili ilikuwa ikimchosha kuliko magoti na maji baridi.

"Mjomba Čeda, unarudi lini kusini?"

"Nikimaliza kahawa."

"Nafasi ipo?"

"Ya mtu ipo. Na hili je?" Akaligusa boksi kwa ncha ya kiatu.

"Nalo linarudi."

Čeda alicheka, kisha alipoona msichana hacheki akainama kulibeba. "Miaka yote hii nalileta. Kulirudisha, ndiyo mara ya kwanza."

Desanka alilala njia nzima, kichwa kikigonga dirisha. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika kwao, na alijua ameshafika kabla hajaona nyumba, kwa harufu. Ulikuwa mwezi wa kuchoma pilipili hoho. Kila ua lilikuwa na jiko la kuni limetolewa nje, na moshi mtamu ulitanda juu ya barabara. Uani kwao baba alikuwa anageuza hoho nyekundu kwa vidole vitupu, mguu wake mbovu umenyooshwa pembeni. Aliwahi kuanguka na trekta, na goti halikupona. Mama alikuwa amekaa mbele ya beseni, anamenya maganda yaliyoungua. Mapipa ya hoho yaliyobaki yalijaa mpaka mlangoni. Hapo ndipo ulipotoka ajvar, rojo la hoho la kupaka mkate, wa mwaka mzima, na nusu yake kila mwaka ulisafiri kwenda Belgrade kwenye mitungi ya kioo.

Mama aliinua macho. Hakumwangalia binti yake. Aliliangalia boksi, kamba yake ile ile, fundo lake lile lile, na akaiachia hoho ndani ya beseni.

"Wamelirudisha," alisema.

"Hapana, mama."

"Nilimwambia Trajko. Nilimwambia watu wale hawali pita, mikate yetu ya jibini. Ningekaanga samaki."

"Mama, hakuna aliyelirudisha. Sikulifungua." Desanka aliliweka chini. Alikuwa ameandaa maneno, lakini yote yalibaki kwenye basi. "Mlango haufungwi. Anayetaka anaingia. Nilikudanganya."

Hoho ilipasuka juu ya jiko. Baba aliigeuza taratibu.

"Kumbe mlango una kitasa," alisema. "Mambo ya sayansi hayo."

"Trajko, nyamaza." Mama alichukua hoho nyingine akaanza kuimenya. "Nilikuwa najua, mwanangu. Čeda mdomo wake mkubwa kuliko basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nijialike?"

Desanka alivuta kigoda akakaa, akaingiza mikono kwenye beseni bila kunawa. Wakamenya pamoja. Hoho zilikuwa za moto bado, na maganda yalinata vidoleni.

"Nikuulize," mama alisema baadaye. "Umekuja kwa sababu unataka tuwepo, au kwa sababu umeona haya kutuficha?"

Siku nyingine angelijibu swali hilo vizuri. Siku nyingine angekuwa na nguvu za kudanganya.

"Yote mawili," alisema.

Mama alitafakari, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayepima unga kwa mkono.

"Haya. Tutakuja kwa ajili ya lile la kwanza. Hilo la pili utajua mwenyewe pa kulipeleka. Lakini hoho hizi siwezi kuziacha zioze."

Hawakuziacha. Walichoma na kumenya Jumamosi hiyo na Jumapili yote baada ya ibada, wakasaga, wakakoroga sufuria kubwa kwa zamu mpaka mabega yakafa ganzi, wakafunga mitungi. Jumatatu alfajiri walipanda basi watatu na boksi lao. Baba alikuwa kwenye suti, mama kwenye sweta ya bluu na viatu vipya vyeusi alivyoapa kwamba havimbani. Wote watatu walinuka moshi wa hoho, na hakukuwa na sabuni ya kuutoa.

Njiani Desanka aliwapa maelekezo. Chupa ya rakija, ile pombe kali ya baba, isitolewe kabla ya mwisho. Baba asimwite mwenyekiti wa kamati "ndugu yangu." Wasimjibie maswali. Na tafadhali, mama, tafadhali sana, asibusu mkono wa mtu yeyote.

"Sawa," mama alisema.

"Na kupumua?" baba aliuliza. "Tupumue, au tusubiri mpaka mwisho?"

Čeda alicheka mpaka basi likayumba.

Desanka alidhani amemaliza kila kitu. Mtu anayejitahidi kuziba mashimo yote huacha moja, na yeye aliacha lile asilofikiri kwamba ni shimo.

Ukumbi ulikuwa na viti vingi na watu wa kutosha. Tijana alikuwa mstari wa mbele na wazazi wake. Profesa Vukosava alikuja mlangoni, akatabasamu, akanyoosha mkono. Mama alikumbuka alichoagizwa. Akaificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, mbali na kishawishi, akasalimia kwa kichwa. Mkono wa profesa ulibaki hewani, kisha ukarudi ulikotoka. Desanka alifumba macho, akaenda mbele kuwasha mashine ya kurushia picha ukutani.

Alipogeuka kuanza, aliwaona. Baba na mama walikuwa wamesimama nyuma kabisa, wameegemea ukuta bila kuuegemea sawasawa. Hawakusimama pamoja. Baba alikuwa upande wa kulia, mama upande wa kushoto, mikono imekunjwa mbele, kofia ya baba mkononi. Wanaume kulia, wanawake kushoto, wima toka mwanzo hadi mwisho: hivyo ndivyo walivyosimama kanisani kwao maisha yao yote, na ukumbi huu wenye meza mbele na watu waliovaa vizuri wakisema maneno mazito haukuwapa sababu ya kufanya vingine. Viti waliviona. Walidhani ni vya wagonjwa na wenye vyeo.

Alianza kusoma. Alisema jina la bonde, jina la chemchemi ya kwanza, jina la Kilatini la konokono wake. Sauti ilikuwa ile aliyoitengeneza miaka kumi na mmoja, sauti ya Belgrade isiyo na kusini hata chembe. Watu wa nyuma walianza kugeuza shingo. Aliona Tijana akiinuka, akienda kumnong'oneza mama, akimwonyesha kiti. Aliona midomo ya mama ikisema asante mwanangu, tuko sawa. Tijana akarudi. Mama yake Tijana alikuwa ameweka kichwa upande, na uso wake ulikuwa ule ule wa "wanapendeza jamani."

Moto ukampanda Desanka usoni. Alipoteza mstari, akaupata, akaupoteza tena. Angeweza kuendelea. Hakuna aliyemlaumu, picha zilikuwa ukutani, kamati ilikuwa inaandika. Angeendelea tu kutazama mbele, na mambo yangepita kama yalivyopita ya mkono ule. Halafu akaona baba akihamisha uzito kutoka kwenye goti bovu, polepole, kwa siri, kama mtoto anayejikuna wakati wa sala. Akaona na mama amekunja vidole ndani ya vile viatu visivyombana. Watu hawa walikuwa wamesimama mbele ya jiko siku mbili.

Desanka aliweka karatasi chini.

"Samahani, mwenyekiti," alisema. Kisha akapaza sauti juu ya vichwa vyote, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya uani kwao, na lafudhi yake yote, ile ambayo watu wa Belgrade huiigiza wakitaka kuchekesha. "Mama! Baba! Kaeni jamani. Hapa watu hukaa."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani minene, aliinua kalamu na kuisahau hewani.

"We endelea," baba alisema. "Sisi tumezoea."

"Goti lako, baba."

"Goti langu lipo, haliendi popote."

Watu wakacheka, na Desanka alijikuta anasikiliza kicheko hicho kwa makini, akikitafuta kisu ndani yake. Hakukiona, au pengine kilikuwepo na yeye amechoka mno kukichukua.

"Mama, kaa wewe basi."

Mama alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni. Sasa alijua kwamba amekosea, na alijua kila mtu anajua. Angeweza kukaa haraka na kuzama kwenye kiti. Badala yake alimtazama binti yake huko mbele kwa muda, kuanzia viatu hadi nywele.

"Kwani wewe umekaa?" alisema.

Desanka alitazama miguu yake. Alikuwa amesimama, kweli, na hakukumbuka mara ya mwisho alipokuwa hajasimama.

"Basi maliza," mama alisema. "Tutakaa wote."

Desanka akachukua karatasi zake. Hakurudisha ile sauti ya kwanza. Alikuwa ameshaiweka chini na haikuwa na maana kuinama kuitafuta. Alieleza konokono wake kwa lafudhi ya kusini, chemchemi moja baada ya nyingine. Walimuuliza maswali, mengine ya haki na mengine ya kuonyeshana ubingwa, akayajibu, na pale asipojua akasema hajui. Kamati ikatoka kushauriana. Ikarudi. Mwenyekiti akafunua faili na kuomba ukumbi usimame kusikiliza uamuzi.

Viti vikalia. Wote waliinuka, maprofesa na wazazi wa Tijana na wanafunzi, wakavuta makoti yao vizuri, wakanyamaza. Nyuma yao watu wawili hawakuhitaji kufanya chochote.

Uamuzi ulisomwa. Makofi yakapigwa. Tijana alikuja mbio na maua, profesa akamkumbatia, na muda si mrefu umati wote ulikuwa umevutwa na harufu kuelekea chumba cha pili, ambako boksi lilikuwa limefunguliwa na kutandazwa. Desanka alisikia mwenyekiti akiuliza nani ametengeneza pita hii. Alipita katikati ya viti vitupu mpaka nyuma.

Mama alikuwa bado ukutani kushoto, mikono imekunjwa. Hakuwa na hakika.

"Imekwisha, mama."

"Imekwisha kabisa?"

"Kabisa."

"Hawakurudishi tena?"

"Hawanirudishi."

Mama alimwangalia machoni kuona kama huo nao ni mlango unaofungwa. Kisha akageukia upande wa kulia. "Trajko," aliita, kwa sauti ya chini ya kanisani. "Njoo. Imekwisha."

Baba alikuja akichechemea waziwazi, hana tena wa kumficha. Wakavuta viti vya mstari wa mwisho. Desanka alikaa kwanza, na alipokaa tu machozi yakaanza kumtoka bila kelele, ya mtu aliyechoka, si ya furaha wala si ya huzuni. Baba akakaa kulia kwake na kumwekea kofia mapajani, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono.

Mama aliinama, akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akaviweka sawa chini ya kiti.

"Basi na mimi nikae," alisema.